Matawi kwenye laini ya simu, seva iko makao makuu: MariaDB yenyewe, PostgreSQL, CouchDB au foleni ya HTTPS?

Jedwali_Kuu:
Wakuu, salaam. Mfumo ni wa duka la dawa la jumla: makao makuu Kariakoo, matawi Morogoro, Iringa na Mbeya. Kila tawi lina kanzidata ya MariaDB 10.6 inayoandika mauzo pale pale, intaneti ni 4G ya laini ya simu. Mauzo yapande, bei zishuke. Mtandao ukikatika saa mbili tatu, usawazishaji unarudi wenyewe. Ukikatika siku mbili unagoma na kosa 1236, na ukilazimishwa linafuata 1062. Nifunge replication ya MariaDB (seva moja kunakili mabadiliko ya nyingine) vizuri zaidi, nihamie kanzidata nyingine kama PostgreSQL au CouchDB, au nitume kwa HTTPS kupitia jedwali la foleni?

seva_na_swichi:
Mkuu, hayo ni makosa mawili tofauti, usiyatibu kwa dawa moja.

1236 kwa hali yako maana yake seva fuasi (inayopokea nakala) inaomba faili ya binlog, yaani logi ya mabadiliko, ambayo seva chanzo imeshaifuta. Endesha `SHOW VARIABLES LIKE 'expire_logs_days';`. Ukikuta 1, umepata jibu: logi inakaa siku moja, mtandao unakatika mbili. Weka 14, kisha hakikisha diski inatosha. Ikishatokea, usisogeze tu kwenye faili inayofuata, maana yaliyokuwemo katikati yamepotea. Chukua nakala mpya kwa `mysqldump --single-transaction --master-data=2`, uanze upya kutoka hapo.

1062 ni namba moja kupewa rekodi mbili. Weka `auto_increment_increment = 10` kote, na `auto_increment_offset` iwe 1 makao, 2 Morogoro, 3 Iringa, 4 Mbeya. Namba za zamani zilizogongana hazijirekebishi, hizo utazipanga kwa mkono. Na tafadhali, `sql_slave_skip_counter` iacheni. Hairuki safu moja yenye kosa, inaruka kundi zima la mabadiliko, na hakuna atakayejua mauzo gani hayakufika.

Mnara_4G:
Kabla ya kuchagua, jiulize nani anampigia nani. Kwenye replication ya MariaDB, seva fuasi ndiyo inayofungua muunganisho kwenda kwa chanzo. Ili mauzo yapande, makao lazima yafikie poti 3306, mlango wa MariaDB, ya tawi. Angalia anwani ya WAN (upande wa intaneti) kwenye ruta ya tawi: ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT (wateja wengi wa kampuni ya simu kushirikishwa anwani moja ya wazi), na makao hayatakufikia hata ufungue poti zote.

Dawa ni WireGuard, aina ya VPN (njia ya siri kati ya mitandao): tawi linaita anwani ya wazi ya makao, na upande wa tawi unaweka `PersistentKeepalive = 25`. Usifungue 3306 kwenye intaneti.

Mtego wa pili ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data. Dalili yake: ping inapita, kuingia kwenye kanzidata kunapita, lakini kundi kubwa la data linaganda hadi muda unaisha. Ndani ya VPN jaribu `ping -M do -s 1392`, ambayo na baiti 28 za vichwa inafika 1420, chaguo la kawaida la WireGuard. Ikigoma, shuka hadi 1252. Ikipita hapo, weka `MTU = 1280` pande zote mbili.

wal_mlinzi:
PostgreSQL ina logical replication tangu toleo la 10, na ni imara, ila haikuondolei shida hii, inaigeuza sura. Sloti, alama ya mfuasi alipofikia, inashikilia WAL (logi ya mabadiliko) mpaka mfuasi aipokee. Tawi likizimika wiki nzima, hakuna kinachofutwa, na diski ya chanzo inaweza kujaa hadi kanzidata isimame. Tangu toleo la 13 kuna `max_slot_wal_keep_size` ya kuweka kikomo, lakini kikifikiwa sloti inakuwa `lost` na unarudi kunakili upya. Ni 1236 kwa jina jingine. Pia mabadiliko ya muundo wa majedwali hayasafiri, na jedwali lisilo na ufunguo mkuu litagoma kwenye UPDATE na DELETE. Kuhama kwa sababu hii peke yake sikushauri.

kochi_data:
CouchDB inavumilia mtandao mbovu kuliko zote hapa: inatumia HTTP, inaweka alama ilipofika, inaendelea pale pale. Lakini hati moja ikibadilishwa pande mbili, inahifadhi matoleo yote na kuchagua moja la kuonyesha. Programu yako isiposoma `_conflicts`, tofauti hizo zitakaa humo bila kuonekana. Kwa fomu za wagonjwa au ripoti za ukaguzi, nzuri. Kwa hesabu za stoo zilizokwisha andikwa kwa SQL, utaandika upya karibu kila kitu.

Foleni_Kwanza:
Kwa mauzo, chagua foleni. Ndani ya muamala ule ule wa kuandika mauzo, andika pia kwenye jedwali `foleni`: UUID (kitambulisho cha kipekee), tawi, data kwa JSON, `imetumwa` ikiwa NULL. Programu ndogo inachukua rekodi 200, inazibana kwa gzip, inatuma kupitia poti 443 ya HTTPS. CGNAT haikuhusu, VPN si lazima.

Makao yawe na UNIQUE kwenye UUID, na tumia `ON DUPLICATE KEY UPDATE uuid = uuid`. Usitumie `INSERT IGNORE`, inameza hata makosa mengine, kama tarehe mbovu. Makao yarudishe orodha ya UUID zilizoingia, na tawi liweke alama hizo tu. Jibu likipotea njiani, tawi litatuma tena na hakuna kitakachojirudia.

Ikishindikana subiri sekunde 5, kisha 10, 20, hadi dakika 5, na uongeze sekunde chache za bahati nasibu ili matawi yasigonge kwa pamoja umeme ukirudi. Jibu la 400 (ombi lina kasoro) usilirudie milele: weka rekodi hiyo pembeni, endelea na nyingine, vinginevyo moja mbovu inaziba mauzo ya siku nzima.

Stoo: usitume salio. Tuma mwendo, yaani `-3` au `+40`. Salio likisafiri, la mwisho kufika linafuta kazi ya mwenzake.

Jedwali_Kuu:
Nimeelewa. Basi bei zibaki kwenye replication na kichujio cha `replicate_do_table`?

seva_na_swichi:
Hapana mkuu, bando litaisha. Kichujio hicho kinafanya kazi upande wa tawi baada ya binlog yote ya makao kushuka, pamoja na mauzo ya matawi mengine. Bei nazo zivutwe kwa HTTPS: kila badiliko lipewe namba ya `toleo`, tawi liombe kuanzia namba ya mwisho kutoa 50, kwa sababu muamala wenye namba ndogo unaweza kukamilika nyuma ya wenye namba kubwa. Bei iliyofutwa usiifanyie DELETE, iwekee `imefutwa_saa`, la sivyo tawi halitajua.

Mnara_4G:
Nyongeza moja kwa HTTPS. Umeme ukikatika na betri ya CR2032 ya ubao mama imekufa, saa ya kompyuta inarudi miaka ya nyuma, na cheti cha makao kinakataliwa kwamba muda wake haujaanza. Watu wanahangaika na laini siku nzima. Endesha `timedatectl` kwanza, badilisha betri, washa chrony irekebishe saa kupitia mtandao. Na makao yakumbuke saa ya mwisho kusikia kila tawi kwa saa yao wenyewe: likinyamaza dakika 30 saa za kazi, ujumbe uende kwa fundi.