Kisanduku cha namba: kuzuia herufi papo hapo au kukagua mwishoni?

Karani_Mpya: Wakuu, salaam. Natengeneza programu ya stoo yenye kisanduku cha kuandikia idadi ya bidhaa, nami nataka kipokee tarakimu tu. Je, nizuie kila herufi inapobonyezwa, au nimwache mtumiaji aandike kisha nikague anapohifadhi?

Msimbo77: Hujasema unatumia lugha gani, wala kama desimali na namba hasi zinaruhusiwa. Bila hayo tutakuwa tunabahatisha.

Karani_Mpya: Ni Java, kwa Swing, maktaba yake ya kutengenezea madirisha na visanduku. Namba nzima, kuanzia 20 hadi 5000.

Fundi_Mkongwe: Basi achana na KeyListener, inayosikiliza vitufe vinavyobonyezwa tu. Kazini tulirithi programu iliyozuia vitufe tu, na kila aliyeijaribu kwa kuandika aliridhika nayo, hadi watumiaji walipoanza kunakili hesabu kutoka kwenye lahajedwali na kuzibandika kwa kipanya. Anayebandika hivyo habonyezi kitufe chochote, kwa hiyo "1,250" iliingia na koma yake, ikahifadhiwa kama maandishi, na ripoti ya mwisho wa mwezi ikawa inakwama kila ilipofika kwenye mstari huo. Tumia DocumentFilter, ambayo hupitia kila badiliko kabla halijaingia, na usiishie kwenye mbinu yake ya insertString (kuingiza maandishi), kwa sababu hata uandishi wa kawaida hupitia mbinu ya replace (kubadilisha maandishi).

Zuhura_Qt: Kichujio hicho hakiwezi kulinda kiwango cha chini. Anayetaka kuandika 300 huanza na 3, na ukiikataa kwa kuwa haijafika 20, hataandika chochote. Ndiyo maana naipenda QValidator, kikaguzi cha Qt (maktaba nyingine ya kutengenezea programu), ambayo mbali na kukubali na kukataa ina hali ya tatu ya kati, inayokubali kilichoandikwa kwa muda bila kukiidhinisha.

Msimbo77: Hatahamia Qt kwa ajili ya kisanduku kimoja. Kinachonikera zaidi ni wanaozuia herufi kwenye majina: ukiruhusu a hadi z peke yake, mwenye jina linaloanza na Ng' hawezi kujisajili.

Zuhura_Qt: Kwenye majina nakuunga mkono kabisa, zuia urefu tu.

Karani_Mpya: Turudi kwenye namba. Kiwango cha chini nikikague kwa InputVerifier, inayokagua mtumiaji anapotaka kutoka kwenye kisanduku?

Fundi_Mkongwe: Inafaa, lakini kitufe cha Ghairi kipe setVerifyInputWhenFocusTarget(false), ili kukibonyeza kusianzishe ukaguzi, la sivyo mtumiaji aliyekosea atanaswa ndani ya kisanduku.

Msimbo77: Mimi ningekagua wakati wa kuhifadhi tu, na kuonyesha ujumbe mwekundu chini ya kisanduku.

Zuhura_Qt: Akiwa na visanduku kumi, ataona makosa yote kwa mpigo. Sikubaliani nawe.