Naomba ushauri: chasisi ya Land Rover ya mzee, tuweke viraka au tutafute nyingine?
Wakuu habari zenu, niko Arua, mimi na mzee tunafufua Land Rover Series III 109 ya dizeli iliyolala nyuma ya nyumba miaka mingi, injini ile ya lita 2.25 mzee kaifungua mwenyewe na inawaka japo moshi upo, bodi ni aluminiamu haina neno. Shida chasisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, hiyo ni chuma, pale zinaposhika springi za nyuma ukigonga nyundo kutu inadondoka vipande vipande. Mzee anataka tuchomelee viraka, mimi nasema tutafute nyingine soko la vipuri la Kisekka huko Kampala ila nikimwambia ananuna, si mnajua wazee na magari yao. Aliyewahi kuchomelea, viraka vinahimili barabara za huku? Na chasisi iliyotumika nikague wapi kwanza?