Tupeane uzoefu: kuvua trauti kwa nzi bandia kwenye mito ya Mlima Kenya na Aberdare

Mwanzisha uzi
Wakuu, salaam. Wengi huingia kwenye uvuvi huu kwa kununua fimbo ya bei na kujizoeza kurusha mbali uwanjani, kisha wanakwenda Thego au Naro Moru na kurudi mikono mitupu. Mito yetu ni myembamba. Sehemu nyingi unaweza kurusha kijiwe bila nguvu kikafika ng'ambo, na trauti aliyekuona tayari ameshaingia chini ya mwamba. Kinacholeta samaki huku ni namna unavyousogelea mto na namna nzi wako anavyoelea.

Kila mdau aweke hapa anachokijua kwa vipimo na hatua, aseme na kinachoharibika. Tukipata la maziwa ya juu, la Kilombero na la pwani, tutashukuru.

Naanza na fimbo. Kwa vijito vya msituni chukua futi 7 hadi 8, namba 3 au 4. Namba hiyo lazima ilingane na ya mshipi, kwa sababu nzi, yaani ndoana iliyovikwa manyoya ifanane na mdudu, karibu hana uzito. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, na nzi anafuata. Mshipi namba 4 una uzito wa gramu 7.8 katika mita 9 za mwanzo, namba 5 una gramu 9.1. Kwenye kijito unatoa mita 4 au 5 tu nje ya ncha, kwa hiyo fimbo haipati uzito wa kuipinda, na hapo mtu huanza kutumia nguvu za bega. Dawa yake ni kupanda namba moja: fimbo namba 4, mshipi namba 5.

Rili isikusumbue, huku kazi yake ni kuhifadhi mshipi. Weka mita 40 hivi za uzi wa akiba chini yake ili mshipi usijikunje duara ndogo. Asubuhi za baridi mshipi hukumbuka umbo la rili na kukaa kama springi. Uvute kwa mikono miwili, mita moja moja, mpaka unyooke, ndipo uanze.

Mdau wa Nyeri
Naongeza hapo kwenye lida, yaani ule uzi mwembamba kati ya mshipi na nzi. Watu wengi hupotezea samaki hapo.

Kwa vijito tumia lida ya futi 7 na nusu inayopungua unene taratibu, kisha unga tipeti, kile kipande chembamba cha mwisho anakofungwa nzi, ya sentimita 50. Tipeti 5X ina unene wa milimita 0.15, 4X ni 0.18. Hesabu rahisi: gawa namba ya ndoana kwa 3, jibu ndilo X yako. Ndoana namba 14 inaangukia kati ya 4X na 5X. Ukiweka tipeti nene kwa nzi mdogo, nzi anakakamaa majini kama kijiti. Ukiweka nyembamba kwa nzi mkubwa, uzi unajisokota kila ukirusha.

Fundo la kumfungia nzi: pitisha uzi kwenye jicho la ndoana, uzungushe juu ya uzi mkuu mara 5, rudisha ncha kwenye tundu lililo karibu na jicho, kisha ipitishe kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Sasa tulia. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza, halafu vuta polepole mpaka uone mizunguko imelala sambamba, imebanana bila mmoja kumpanda mwenzake. Fundo likikazwa likiwa kavu, uzi hupata joto la msuguano na kudhoofika palepale. Utaona ncha imejikunja vikunjo vidogo kama mkia wa nguruwe. Ukiona hivyo, kata ufunge upya.

Kagua pia lida yako kila baada ya nusu saa kwa kuipitisha kati ya vidole. Mafundo madogo yanayojifunga yenyewe hewani hupunguza nguvu ya uzi karibu nusu.

Mdau wa Naro Moru
Mafundo hayo ya hewani, ndugu yangu wa Nyeri, hayatokani na upepo. Yanatokana na kusukuma fimbo kwa ghafla mwanzoni mwa mrusho wa mbele. Ncha inashuka chini ya njia ya mshipi na mshipi unapishana na kujifunga wenyewe. Anza taratibu, ongeza kasi, halafu simamisha mkono ghafla.

Kwa mwanafunzi: fikiria saa ya ukutani ikiwa ubavuni mwako. Nyuma simama saa 7 (mshale kwenye 1), mbele simama saa 4 (mshale kwenye 10). Kati ya hapo subiri mshipi unyooke nyuma yako, ugeuke uuangalie kwa macho. Ukisikia mlio kama wa mjeledi, hukusubiri, na mara nyingi nzi amekatika. Ukimwona amebaki, angalia ncha ya ndoana, huenda iligonga jiwe nyuma.

Sasa msituni nafasi ya nyuma haipo kabisa: kuna mianzi na matawi yaliyoinama. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuviringisha: buruta mshipi polepole juu ya maji mpaka fimbo ifike kando ya sikio na mshipi uning'inie nyuma ya kiwiko, usimame kidogo, kisha piga mbele. Maji yenyewe yanaushika mshipi na kuipa fimbo uzito. Ukiuinua mshipi wote kutoka majini, mrusho umekufa. Ya pili ni ya upinde: toa uzi wenye urefu wa fimbo tu, mshike nzi kwenye mkunjo wa ndoana, ncha yake ikielekea nje ya vidole, vuta fimbo ipinde, elekeza, achia. Inaingiza nzi chini ya tawi lililo nusu mita juu ya maji. Usimshike nzi kwenye ncha, kidole kitachomwa.

Mgeni wa uzi
Wakuu, nzi yupi wa kununua? Madukani wapo wa kila rangi.

Mdau wa Nyeri
Karibu. Kabla ya duka, ingia mtoni na uinue jiwe la ukubwa wa mkate kutoka maji ya kasi. Ligeuze. Utakuta vidudu bapa vya rangi ya kahawia vyenye mikia miwili au mitatu vinakimbia kuelekea upande wa kivuli, na vifuko vidogo vya changarawe vilivyogandamana na jiwe, ndani yake kuna buu. Pima urefu kwa ukucha wako. Trauti wa hapo anakula hao, kwa ukubwa huo, karibu siku nzima.

Kwa hiyo kisanduku cha kuanzia: nimfu, yaani nzi wa kuzama wanaoiga vidudu hivyo vya chini ya jiwe, za Pheasant Tail na Hare's Ear namba 12 hadi 16, nusu ziwe na ushanga wa kuzamisha. Za kuelea, Adams na Elk Hair Caddis namba 14. Kisha wale wa zamani ambao mito hii inawajua: Coachman, Invicta, na Kenya Bug mweusi. Maji yakiwa na rangi ya chai baada ya mvua, mweusi ndiye anayeonekana vizuri zaidi kutoka chini.

Nimfu ielee karibu na sakafu. Funga kipande cha sufu kama kiashiria juu ya lida, umbali wa mara moja na nusu ya kina cha maji. Kama nimfu haigusi mawe hata kidogo, uko juu mno. Ongeza uzito kabla ya kubadilisha nzi. Wengi hubadilisha nzi kumi wakati tatizo ni sentimita ishirini.

Mdau wa Ragati
Nasisitiza la kuelea, maana hapo ndipo penye siri. Nzi wako lazima aende kwa mwendo uleule wa povu lililo kando yake. Akienda haraka kuliko povu, au akiacha mstari nyuma yake kama boti, trauti anamkataa. Sababu ni kwamba mshipi wako umelala kwenye mkondo wa kasi ulio katikati, unamvuta nzi aliye kwenye maji tulivu ya ng'ambo.

Tiba ya kwanza ni miguu: sogea karibu, piga goti, inua fimbo ili mshipi wote uwe hewani na tipeti tu iguse maji. Tiba ya pili, mara tu nzi akitua, pindua mshipi kuelekea mkondo unakotoka kwa mzunguko mdogo wa kiganja. Fanya kabla mkondo haujaushika.

Panda mto daima, usishuke nao. Trauti hukaa akiangalia mkondo unakotoka, kwa hiyo ukitoka nyuma yake uko kwenye upofu wake. Vua kwanza maji ya karibu na miguu yako, halafu ya mbele. Angalia mshono kati ya maji ya kasi na maji yaliyotulia, maji yaliyotuna kama mto wa kulalia mbele ya mwamba (naam, mbele, si nyuma tu), na chini ya kingo zilizoliwa.

Inafaa kujua pia kwamba una aina mbili za trauti, wa kahawia na renbo. Wa kahawia aliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan kutoka Loch Leven, Uskoti, akawekwa mto Gura. Renbo alifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini, na kituo cha Kiganjo kimekuwa kikizalisha vifaranga tangu 1948. Renbo anasimama kwenye mkondo wazi na hula mchana. Wa kahawia anajificha chini ya kingo na mizizi, anatoka zaidi alfajiri na jioni. Ukipata renbo watatu kwenye maji meupe usidhani umemaliza mto. Ile kingo yenye kivuli bado ina mwenyewe.

Mdau wa Naro Moru
Naongeza jambo moja dogo kuhusu vifaa ambalo halijatajwa: wauzaji wengi watakupa tipeti ya fluorokaboni kwa kila kazi. Kwa nimfu ni sawa, inazama. Kwa nzi wa kuelea tumia nailoni, kwani fluorokaboni humvuta chini.

Majira: epuka mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Oktoba. Mto unajaa na kubeba tope. Januari, Februari, na Juni hadi Septemba maji ni safi. Beba kipimajoto. Kati ya nyuzi 10 na 16 trauti anakula vizuri. Yakifika 20, acha kuvua, kwa sababu oksijeni imepungua na samaki utakayemrudisha atakufa nyuma yako.

Leseni ya uvuvi na kiingilio cha hifadhi ni vitu viwili, ulizia vyote kabla ya safari. Na ndani ya Aberdare usitembee kando ya mto bila askari wa wanyamapori. Sauti ya maji inafunika kila kitu: nyati humsikii, naye hakusikii, mnakutana kwenye kona. Radi ikianza, laza fimbo chini uondoke, kaboni inapitisha umeme.

Mwanzisha uzi
Kwa maziwa ya juu kama Rutundu na Alice, zaidi ya mita 3,000, geuza mpango: fimbo futi 9 namba 6, kwa ajili ya upepo, na Woolly Bugger au Mrs Simpson namba 8. Acha azame, hesabu hadi 10, vuta sentimita 15, tulia, vuta. Ukikosa, hesabu hadi 20.

Mdau wa Ifakara
Huku kwetu Mnyera na Ruhudji tunavua tigafishi, na karibu kila alichosema mdau wa trauti kinageuka. Fimbo namba 9, ndoana 2/0 hadi 4/0, waya wa ratili 30 wenye urefu wa sentimita 25 kabla ya nzi, maana meno yake hukata uzi wowote. Majira ni ya kiangazi, maji yakishuka.

Kosa linaloua siku za wageni wa trauti ni kuinua fimbo samaki akigonga. Kinywa cha tigafishi ni mfupa mtupu. Elekeza ncha ya fimbo kwake, vuta mshipi kwa mkono wa kushoto kwa nguvu mara mbili au tatu, ndipo uinue. Usipomnasa, endelea kuvuta, mara nyingi anarudi. Baada ya kila samaki kunjua waya. Ukiwa na kikunjo, utakatikia hapohapo.

Mdau wa Watamu
Pwani kwa kifupi, bwana: sulisuli ni wa kaskazi, Novemba hadi Machi. Anavutwa nyuma ya boti kwa chambo kisicho na ndoana, akikaribia chambo kinatolewa, injini inawekwa huru, nzi anawekwa pembeni ya jicho lake. Kwa kolekole fuata maji yanapojaa kwenye miamba. Bamvua huleta mkondo wenye nguvu kuliko maji mafu. Osha rili kwa maji baridi ya bomba jioni ileile, drag (breki ya rili) ikiwa imelegezwa. Ukiiacha imekazwa, diski zinashikana.

Mgeni wa uzi
Asanteni sana. Swali la mwisho: trauti wanagonga lakini hawanasi.

Mdau wa Ragati
Weka ncha ya ndoana kwenye ukucha wa gumba, uvute kidogo. Ikikwaruza na kusimama, ni kali. Ikiteleza, inoe kwa jiwe dogo, ukitoka kwenye ncha kuelekea mkunjo. Kama ni kali, basi umeacha mshipi uliolegea mwingi juu ya maji, kwa hiyo unapoinua fimbo unanyanyua ulegevu tu. Ukusanye kwa mkono wa kushoto kwa kasi ileile mkondo unavyokuletea.

Kijino cha ndoana kibane kwa koleo dogo mpaka kilale. Atakayenasa atatoka bila jeraha. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, usimtoe majini, mshike akiangalia mkondo unakotoka mpaka apige mkia mwenyewe. Kama amemeza ndoana ndani sana, kata tipeti karibu na kinywa na umwache aende nayo.