Miwani inasingiziwa: kwa nini 3D haijawa kawaida kwenye kumbi za sinema?

Wakuu, 3D ni filamu inayompa kila jicho picha yake ili vitu vionekane na kina, yaani vingine karibu na vingine mbali. Kila swali hili likiulizwa jibu la haraka ni miwani: inabana, inakera, na mwenye miwani ya macho analazimika kupachika mbili. Mimi nasema inasingiziwa. Avatar ya James Cameron, mwaka 2009, ilijaza kumbi duniani kote watu wakiwa wamevaa miwani hiyo hiyo, na ikawa filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote zilizoitangulia. Mtu akipewa kitu kizuri, atavumilia.

Tatizo linaanzia ndani ya jicho. Ukitazama kitu kilicho karibu, macho hufanya kazi mbili kwa pamoja: yote mawili hugeukia ndani yakutane pale kilipo, na lenzi ya kila jicho hujirekebisha ili kitu kisionekane na ukungu. Kazi hizi zimezoeana tangu utotoni. Sasa kwenye 3D mkuki unaruka kukujia, macho yanaufuata hadi karibu na pua, ilhali mwanga wenyewe bado unatoka kwenye skrini, mbali kule. Macho yakutane hapa, lenzi ilenge kule! Walter Murch, mhariri mkongwe wa filamu na sauti, alilieleza hili katika barua ambayo mhakiki Roger Ebert aliichapisha mwaka 2011, na bado sijaona aliyemjibu nikaridhika. Wengine hawahisi kitu, wengine hutoka kichwa kinawagonga. Na wapo ambao ubongo wao hauunganishi picha za macho mawili. Hao hulipia kina wasichokiona. André de Toth, aliyeongoza House of Wax ya mwaka 1953, alikuwa na jicho moja tu. Filamu yake mwenyewe hakuweza kuiona kama watazamaji wake walivyoiona.

Kisha kuna giza. Vichujio vya 3D, vya kwenye projekta na kwenye miwani, hula nusu ya mwanga au zaidi, rangi zikafifia. Kuongeza nguvu ya taa ni gharama kwa mwenye ukumbi.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji: Mkuu, la macho nalikubali, ila umewaachia watengenezaji wakapita bila kuguswa. Baada ya Avatar kila mtu alikimbilia kubandika 3D juu ya filamu iliyopigwa kwa kamera ya kawaida. Clash of the Titans, mwaka 2010, iligeuzwa kwa wiki chache tu, watu wakaonekana kama vikaragosi vya karatasi vilivyosimamishwa mmoja nyuma ya mwingine. Na tiketi ikapandishwa bei! Mtazamaji aliyeumwa hivyo mara mbili harudi. Macho ni yale yale ya mwaka 2009; kilichobadilika ni kazi.

Mleta mada: Ndugu yangu, hilo la uroho nalipokea, nilikosea kuliruka. Ila haliwezi kubeba mzigo wote. Bwana Devil ya mwaka 1952, ile ya simba wala watu, ilipigwa 3D halisi kwa kamera mbili, ikafungua wimbi kubwa, na kufikia mwaka 1955 wimbi lilikuwa limekwisha. Wakati ule hapakuwa na kugeuza kwa kompyuta. Zilikuwepo projekta mbili zilizotakiwa kwenda sambamba, moja ikichelewa kidogo tu macho yanateseka. Tena Gravity ya mwaka 2013 sehemu yake iligeuzwa baadaye, na ilisifiwa sana kwa 3D yake. Kwa hiyo kugeuza si kosa. Kosa ni haraka.

Kinachonisumbua zaidi ni Dial M for Murder ya mwongozaji Alfred Hitchcock, mwaka 1954. Aliipiga kwa 3D kwa uangalifu mkubwa, kumbi nyingi zikaionyesha kawaida, na hadi leo watu wanaipenda hivyo hivyo. Ukiondoa sauti kwenye filamu ya mazungumzo, hadithi inakatika. Nitajie filamu moja ya 3D ambayo ukiondoa kina, hadithi inakatika.