Naomba ushauri: ukuta wa Mji wa Kale unatoa chumvi

Ndugu zangu, nyumba iko Mji wa Kale, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene kama sentimita 50. Kuanzia sakafuni hadi kiunoni plasta ya simiti imevimba. Ukiibandua, nyuma kuna unga mweupe wa chumvi. Simiti imefungia unyevu ndani, na ukuta kama huu hupumua kwa chokaa.

Nataka kuibandua yote, kusugua chumvi kwa brashi kavu (maji huirudisha ndani ya jiwe), kisha kupiga chokaa ndoo moja kwa mchanga ndoo tatu, matabaka mawili membamba. Mchanga wa ufuoni hapana, una chumvi yake.

Ukuta uachwe wazi ukauke kwa muda gani? Na chokaa iliyolowekwa vizuri yapatikana wapi hapa kisiwani?