Naomba ushauri: mvua imefuta mechi yetu ya kriketi, wapinzani wanadai pointi zote

Nahodha wa Kijijini:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni nahodha wa klabu ndogo ya kriketi iliyoko kijijini, katikati ya Kisesa na Magu mkoani Mwanza, si mbali na Ziwa Victoria. Tunacheza ligi ya mwisho wa wiki, ova 20 kwa kila upande (ova moja ni mipira sita ya kurushwa), na tangu mvua za vuli zianze hatujamaliza hata mechi tatu kati ya tano tulizopangiwa. Jumapili iliyopita ilikuwa zamu yetu kuwa wenyeji. Mvua ilishuka alfajiri, ikakatika saa mbili asubuhi, na wageni walipofika saa nne wakakuta njia ya kurushia mpira imelowa kiasi cha kisigino kuzama. Waamuzi walisubiri mpaka saa saba mchana, jua likawaka kweli kweli, lakini udongo haukukauka, na mechi ikafutwa bila kurushwa hata mpira mmoja.

Kwa desturi yetu, mechi iliyofutwa kwa mvua kila timu huondoka na pointi moja. Wageni wamekataa. Wamepeleka malalamiko kwa kamati ya ligi wakidai wapewe pointi zote mbili, na kamati imenitaka nijieleze kwa maandishi kabla ya kikao cha Ijumaa. Sisi tuko nafasi ya pili kutoka mkiani na usingizi siupati. Naomba mnisaidie hoja: mvua ni kudra ya Mwenyezi Mungu, sasa mwanadamu anaadhibiwaje kwa ajili yake?

Mpenda Hesabu:
Mtoa mada, umegusa jambo ninalolipenda kuliko chakula. Dawa ya mvua katika kriketi ilikwisha kupatikana zamani. Wanatakwimu wawili wa Uingereza, Frank Duckworth na Tony Lewis, walibuni kanuni iliyoanza kutumika katika mechi za kimataifa mwaka 1997, na mwaka 2014 jina la Steven Stern likaongezwa baada ya yeye kuirekebisha. Msingi wake ni kwamba timu inayopiga ina akiba ya aina mbili, ova zilizobaki na wiketi zilizobaki, yaani wapigaji ambao hawajatolewa, kwa hiyo mvua inapomeza ova hupimwa kwanza imemeza kiasi gani cha akiba hiyo, ndipo lengo la mikimbio, yaani alama za wapigaji, linapopangwa upya.

Kabla ya hapo watu walionewa. Mwaka 1992, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia iliyochezwa Sydney, Afrika Kusini walihitaji mikimbio 22 katika mipira 13 dhidi ya Uingereza. Mvua ikanyesha dakika chache tu, na waliporudi uwanjani wakaambiwa wamebakiwa na mpira mmoja huku deni la mikimbio likiwa karibu lile lile. Nashauri kamati yenu itafute kompyuta ndogo na kijana mmoja anayeipenda hesabu.

Mvuvi wa Igombe:
Kwa kuwa kisigino kinazama, nashauri mpande mpunga, maana msimu wake ndio huu, na mavuno mgawane na wageni nusu kwa nusu, jambo ambalo kamati yoyote yenye busara haitalikatalia.

Mwamuzi Mstaafu:
Mpenda Hesabu, maelezo yako ni sahihi lakini hayamfai mwenye shida hii. Kanuni hiyo inahitaji mchezo uwe umechezwa, na katika mechi za ova 20 kila upande unapaswa uwe umepata walau ova tano ili mshindi apatikane. Hapa hakuna mpira uliorushwa, kwa hiyo hesabu haina pa kushika.

Mimi nina swali moja kwa nahodha. Njia ya kurushia ina urefu wa mita 20 na kidogo, kutoka vijiti vinavyolengwa na mrushaji upande mmoja hadi vya upande wa pili. Eneo dogo namna hiyo likifunikwa, mvua ya alfajiri haiwezi kulifanya lizamishe kisigino saa nne. Turubai lilikuwa wapi?

Nahodha wa Kijijini:
Nawashukuru nyote kwa michango yenu. Turubai la klabu lipo, halijaibwa wala halijachanika, kwa hiyo naomba tusitoke nje ya mada. Suala langu ni kudra. Isitoshe, ardhi ya kwetu ni mbuga, ule udongo mweusi ambao kila mwenyeji wa Usukumani anajua kwamba ukilowa haumwachii mtu kiatu. Hata lingekuwapo turubai la dhahabu, maji yangepenya kutoka pembeni.

Mwamuzi Mstaafu:
Turubai kuwapo si sawa na turubai kutandazwa, na mimi niliuliza lilikuwa wapi.

Kuhusu mbuga, nimesimama nyuma ya vijiti kwenye viwanja vya aina hiyo kwa miaka mingi. Mbuga hupasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua, na ndiyo sababu waliotutangulia hawakurushia mpira juu yake. Walichota udongo wa kichuguu, wakaumwagia maji kidogo kidogo, wakaushindilia mpaka ukawa mgumu kama sakafu ya nyumba, kisha wakatandika juu yake mkeka wa nyuzi za nazi. Sehemu hiyo huinuliwa kuliko uwanja unaoizunguka, ili maji yakimbilie pembeni badala ya kutoka pembeni. Ikifunikwa jioni, asubuhi unakunja turubai, unautandaza mkeka na mchezo unaanza, hata kama wazuiaji walioko mbali wanakanyaga matope. Kama uwanja wenu haukutengenezwa hivyo, sema. Kama ulitengenezwa hivyo, basi wageni wana hoja, kwa sababu kufunika njia ni wajibu wa mwenyeji.

Nahodha wa Kijijini:
Sawa. Ulitengenezwa hivyo.

Sikutaka kulileta jambo hili hapa kwa kuwa linahusu familia. Jumamosi jioni mama mkwe wangu aliniomba turubai afunikie dagaa wake, kwa maana wingu lilikuwa limetanda na dagaa wakinyeshewa huharibika, bei yao inashuka mpaka wanaishia kuwa chakula cha kuku. Nyinyi mliooa mnajua kwamba ombi la mama mkwe halijibiwi kwa kusema subiri niitishe kikao cha klabu. Nilimpa kwa nia ya kulifuata kabla ya giza, mvua ikaniwahi. Sioni kosa langu hapo ni lipi.

Jambo jingine ni kwamba barua nimekwisha kuiandika na tangu jana iko kwa katibu wetu. Nimeeleza kwamba turubai lilitandazwa na upepo wa usiku ukalipeperusha. Upepo kweli ulivuma, kwa hiyo siyo uongo mtupu. Nilichotaka kwenu ni hoja ya kuongezea tu.

Mlezi wa Vijana:
Kaka, mshukuru Mungu kwamba mvua yenyewe ilinyesha alfajiri, watu wakiwa majumbani. Mimi nilikuwa na kikosi cha vijana wa shule, tumebakiwa na ova mbili tushinde, wingu likatokea upande wa ziwa likiwa jeusi kama chungu. Vijana wakanisihi tumalize. Nikawaambia wahesabu: ukiona mwanga wa radi, anza kuhesabu sekunde hadi usikie ngurumo, na kila sekunde tatu ni takribani kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, kila mtu aingie ndani ya jengo, na asitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Sisi tulihesabu kumi na mbili. Watatu wakakimbilia chini ya mwembe, nikawafuata na kuwatoa kwa fimbo. Mechi ile tuliipoteza kwa uamuzi wa mezani na wazazi wawili hawajanisalimia mpaka leo.

Mama wa Bustani:
Nahodha, turubai hilo lilinunuliwa kwa michango ya wanachama. Kumheshimu mama mkwe ni jambo jema, nami nina wakwe watatu wanaojua hivyo, lakini heshima hutolewa kwa mali yako mwenyewe, haitolewi kwa mali ya watu kumi na mmoja ambao hukuwauliza. Ungeweza kumnunulia karatasi ya nailoni dukani. Tena usimfanye katibu abebe barua ambayo hajui ukweli wake, kwa sababu Ijumaa atakayesimama kuulizwa maswali ni yeye.

Mpenda Hesabu:
Kwa faida ya wasomaji, niongeze kwamba mpira wa kriketi wa wanaume una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, na ngozi yake ikinywa maji huwa mzito na wenye kuteleza mkononi mwa mrushaji, kiasi kwamba hata mechi ile ingechezwa isingekuwa ya haki.

Dada wa Mwaloni:
Mimi siijui kriketi, nimeingia kwenye uzi huu kwa sababu ya dagaa. Nawauza Mwaloni Kirumba, na kuna mahali hadithi hii inanikwama. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta dagaa kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wake unazishinda taa, hivyo wavuvi huvuta mitumbwi pwani, wakashona nyavu na kulala. Jumamosi anayoisema nahodha mwezi ulikuwa umejaa, na wiki ile nzima tulikuwa tukigombania debe moja moja la mzigo wa zamani. Mama mkwe wako aliwapata wapi dagaa wabichi wa kuanika, wengi wa kufunikwa na turubai la mita ishirini na zaidi?

Halafu, mchuuzi anayeijua kazi yake akiona wingu hawafuniki dagaa pale pale juu ya mchanga, maana maji yatapita chini. Anawakusanya na kuwaingiza ndani.

Mvuvi wa Igombe:
Nathibitisha maneno ya dada. Jumamosi ile nilikuwa nyumbani nikicheza bao, na taa zangu zilikuwa chini ya kitanda.

Msomaji wa Kimya:
Nilikuwa nafuatilia bila kuchangia, lakini sasa naona tumenyweshwa chai yenye tangawizi na maziwa. Klabu ya kriketi, kijijini, kati ya Kisesa na Magu? Huko mpira unaojulikana ni wa miguu. Bila shaka huyu ndugu amesoma habari za mechi za Uingereza zilizofutwa kwa mvua, akaweka dagaa juu yake ili ziwe za kwetu. Wasimamizi waufunge uzi huu.

Mwamuzi Mstaafu:
Ndugu Msomaji, kutojua kwako si ushahidi. Kriketi ilifika katika miji yetu ya kanda hii pamoja na wafanyabiashara wenye asili ya Asia, wakati pamba ndiyo ilikuwa uhai wa Mwanza, na katika Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1975 kule Uingereza ilikwenda timu ya Afrika Mashariki iliyounganisha Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ilifungwa mechi zake zote tatu, lakini ilikwenda. Vijana wa vijijini kuupenda mchezo huu si ajabu hata kidogo. Mtu asiyeujua mchezo asingetaja kisigino kuzama; angesema uwanja umejaa maji.

Kwa hiyo mimi klabu naiamini na mvua naiamini. Nisiowaamini ni hao dagaa.

Msomaji wa Kimya:
Basi aweke picha ya uwanja.

Nahodha wa Kijijini:
Picha siweki, kwa kuwa wachezaji wangu wanasoma humu, na nadhani wawili wao wamekwisha kunitambua.

Dada wa Mwaloni, umenikamata. Mama mkwe anaishi Sengerema na hajui lolote kuhusu turubai. Nilimtaja kwa sababu nilidhani hakuna mtu atakayethubutu kuhoji mambo ya ukweni. Ukweli ni kwamba nina matofali mabichi 3,000 niliyoyafyatua nyuma ya nyumba ninayoijenga, na tanuri lilikuwa bado halijapangwa. Jumamosi nilipoliona lile wingu nilisimama kati ya uwanja na kiwanja changu nikiwa na turubai mabegani, nikafikiri kwamba mechi zipo kila wiki lakini matofali yakinyeshewa yanarudi kuwa tope, na nguvu ya miezi miwili inapotea. Fedha za kuyafyatua upya sina. Nisingeweza kuliandika hilo kwenye barua, kamati wangenicheka. Naomba mwelewe kwamba yeyote kati yenu angefanya hivyo hivyo.

Mama wa Bustani:
Huenda ningefanya hivyo. Ila nisingemsingizia mzazi wa mume wangu aliyeko ng'ambo ya maji.

Mwamuzi Mstaafu:
Ichukue barua hiyo kwa katibu leo, kabla haijafika mezani. Andika nyingine yenye mistari minne: turubai halikutandazwa, lilikuwa kwangu, nilikosea, naomba mechi irudiwe kwenye uwanja wa wageni. Ukiomba irudiwe kwao, unawapa faida ya uwenyeji, na kamati nyingi hupenda kuona mchezo ukichezwa kuliko kugawa pointi mezani. Mkishindwa huko, mmeshindwa kwa mpira.

Nahodha wa Kijijini:
Katibu nimempigia mara tatu tangu asubuhi na hapokei. Mke wake anasema ameondoka na bahasha mkononi kuelekea mjini.

Mpenda Hesabu:
Panda daladala.

Mvuvi wa Igombe:
Kabla hujapanda, tuambie kwanza: matofali yalipona?

Nahodha wa Kijijini:
Yalipona, isipokuwa safu mbili za chini upande wa ziwa, ambako turubai halikufika.

Mwamuzi Mstaafu:
Kwa hiyo hata huko hukulitandaza vizuri.