TUPEANE UZOEFU: Giulia Quadrifoglio mpya na barabara zetu za Uganda

Kololo_V6
Wazee, Alfa Romeo walitangaza Giulia Quadrifoglio iliyoboreshwa mwaka 2023, nami moyo bado unanidunda! V6 ya lita 2.9, tabo mbili (pampu za kusukuma hewa kwenye injini), sasa nguvu za farasi 520 na torki ya Nm 600, zote kwa magurudumu ya nyuma. Sifuri hadi 100 ni sekunde 3.9, na bado ni gari la milango minne. Nembo yake, klova ya majani manne, ilitimiza karne mwaka huo, tangu Ugo Sivocci aichore kwenye gari lake akashinda Targa Florio mwaka 1923. Mnaozijua Alfa, anayetaka kuileta Kampala aangalie nini?

Fundi wa Ndeeba
Habari kubwa kwangu ni difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, kuliko hao farasi 10 walioongezwa. Ya zamani ilikuwa na klachi mbili zinazoendeshwa na kompyuta, kugawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Hii mpya inajifunga kimakanika. Sensa na moduli zimepungua, na kwa nchi ambayo spea zake lazima ziagizwe, hiyo ni neema.

MamaRimu
Mimi nasema tairi. Mbele ni 245/35 na nyuma 285/30, rimu za inchi 19. Piga hesabu: ukuta wa tairi ni kama milimita 85 tu. Ukiingia shimo kwa kasi, rimu inaubana ukuta huo dhidi ya ukingo wa lami, nyuzi za ndani zinakatika, na baadaye unaona nundu ubavuni. Nundu haizibwi, tairi hilo ni la kutupa. Gari halina tairi la akiba, lina dawa ya kuziba na pampu, na dawa hiyo haifai kitu ubavu ukichanika. Kwa hiyo agiza tairi mbili za ziada pamoja na gari, na upime upepo asubuhi kabla hujatembea, tairi likiwa baridi. Rimu ikaguliwe upande wa ndani pia. Nyufa hujificha huko.

Breki za kaboni na kauri ziacheni kama njia ya kwenu ni ya murram. Kokoto ikinaswa hukwaruza diski, na bei ya diski moja inatisha. Za chuma zinatosha kabisa.

Entebbe Rd
Na matuta? Lile bawa la chini ya bampa ya mbele linajongea lenyewe kwa mota.

MamaRimu
Panda tuta kwa mshazari, gurudumu moja moja, polepole kabisa. Bawa likishapondwa, mota inakwama na taa ya hitilafu inawaka.

Fundi wa Ndeeba
Mafuta: oktani 95 kwenda juu, wala usichanganye. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Tabo huzunguka zaidi kufidia, hewa inayoingia inapata joto, na petroli hafifu inaanza kugonga ndani ya silinda. Kompyuta huchelewesha cheche kuiokoa injini, ndipo mtu analalamika kwamba gari limekuwa zito. Ukitoka foleni ya Jinja Road usikanyage papo hapo, tembea taratibu kwanza ili upepo upooze mfumo.

BetriKwanza
Dashibodi ikijaa maonyo ya kila aina, pima betri kabla ya kumwita mtu wa mashine ya kusoma hitilafu. Giulia ni nyepesi kulalamika betri ikichoka. Iko kwenye buti, aina ya AGM (asidi yake imefyonzwa ndani ya mikeka, haimwagiki). Ikilala usiku mzima isome volti 12.7 hivi, ikishuka chini ya 12.4, ichaji kwa chaja yenye hali ya AGM. Waya hasi wa chaja ufunge kwenye bodi. Ukiufunga kwenye nguzo ya betri unairuka sensa, na gari halitajua kwamba limechajiwa.

Kololo_V6
Asanteni sana. Na kuinunua ikiwa imetumika?

Entebbe Rd
Tafuta Uingereza, usukani uko kulia. Zilianza 2016, kwa hiyo sheria yetu ya kukataa magari yaliyozidi miaka 15 bado haizigusi. Dai picha za rimu zote nne, upande wa ndani.